Kiwanja Kilichovuka Mstari

Sehemu ya kumi na moja

"Leo utaapa, Twum! Utaapa mpaka ulimi uote malengelenge!"

Hapo ndipo tulipokatia, msomaji wangu. Pokuaa kamkwida dalali shati, rangi nyekundu ya halmashauri inachuruzika ukutani, na dada yake, Afriyie, kasimama pembeni kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni.

Uliyekosa magazeti yaliyotangulia, mambo yenyewe ni haya. Ndugu wawili wa tumbo moja walinunua viwanja viwili vilivyopakana hapa Asuakoma, pembezoni mwa Kumasi, na dalali wao alikuwa huyu huyu Twum. Afriyie, mwuza vitenge wa soko la Kejetia, akajenga kiwanja cha juu mlimani. Pokuaa, mjane anayeoka mikate, akajenga cha chini, kando ya kijito. Asubuhi hii watu wa mipango miji wamekuja, wakachora msalaba kwenye ukuta wa Pokuaa, wakasema hapa hapajengwi, na Jumatatu katapila litakuja kubomoa.

"Mdogo wangu, mwachie kwanza," Afriyie akasema. "Tukae tuzungumze."

"Tuzungumze nini, dada? Ukuta umeshazungumza!"

"Mama Mikate," Twum akasema kwa sauti ya kukabwa, "nipige ukitaka, lakini shati niachie. Ndilo la kanisani."

Majirani wakacheka. Pokuaa hakucheka.

"Nakupeleka kwa Nana, chifu wetu, sasa hivi. Utaapa mbele ya kigoda cha enzi kwamba hukujua kama hapa hapajengwi. Na kama ulijua ukaniuzia, Asuakoma nzima isikie."

Kisha akamgeukia Afriyie, na sauti ikalainika, ikawa ya mtoto.

"Utakuja, dada? Shahidi wangu ni wewe. Sina mwingine."

Afriyie akaitikia kwa kichwa. Angefanya nini?

Pokuaa akaingia ndani kutafuta kitambaa cha heshima cha kujifunga na chupa ya pombe ya jini, maana kwa Nana hakuendwi mikono mitupu. Ndani ikasikika sauti ya mama yao, Maame Dufie, anayeishi humo na wajukuu zake: "Kuna nini huko nje, jamani?" Na Pokuaa akamjibu: "Hakuna kitu, mama. Pumzika."

Afriyie akapata nafasi. Akamvuta Twum nyuma ya tanuri la mikate.

"Sikiliza. Ondoka. Nenda Obuasi, nenda Techiman, nenda popote walipo ndugu zako. Nitakusaidia nauli. Ukishakimbia, watasema mwenye kosa ni wewe, na mambo yataisha."

"Yataisha kwa nani?"

Afriyie akaangaza macho mlangoni.

"Dada mkubwa," Twum akasema huku akinyoosha kola yake, "mimi ni dalali. Nimeuza kinamasi nikakiita bustani. Nimeuza jabali nikasema lina msingi wa bure. Lakini uongo wangu una mwisho, na mwisho wake ni kiapo. Kiapo cha kigoda kinaua."

"Sikwambii uape. Nakwambia ukimbie."

"Nikimbie kwa kosa la nani? Niliwaambia nini siku ile? Niliwaambia, mimi nauza udongo, mistari iko kwa watu wa mipango miji. Nendeni mkaitazame ramani kabla hamjatoa chochote. Na mmoja wenu alikwenda. Nilimpakia mimi mwenyewe kwenye pikipiki."

Afriyie akarudi nyuma hatua moja.

"Ulipotoka mle ofisini," Twum akaendelea, polepole sasa, "ulinyamaza njia nzima. Mtu aliyepata habari njema hanyamazi hivyo. Sikukuuliza. Biashara ilikuwa yangu pia."

Naam. Siri aliyodhani ni yake peke yake ilikuwa imebebwa na mtu mwingine miaka yote hii, ikipanda na kushuka mlima kwa pikipiki.

Afriyie aliikumbuka ofisi ile kama mtu anavyokumbuka mahali alipoungua. Meza ndefu. Ramani imetandikwa kama kitenge. Afisa mmoja, Bi Ofosua, mwanamke mwenye subira, akapitisha kidole juu ya karatasi.

"Unaona huu mstari mzima, mama? Huu ni mpaka wa kiwanja. Unakuambia ardhi ni yako hadi wapi. Sasa tazama huu wa vipande vipande. Huu ni mpaka wa kujenga. Ukivuka hapa kuelekea kijito, ardhi bado ni yako. Lima mchicha, panda migomba, anika nguo. Lakini tofali usiweke."

"Na ukiweka?"

"Ukiweka, mto utakuja au katapila litakuja. Watu husoma mstari wa kwanza tu, wakanunua. Wa pili huja kuwasoma wao."

Kiwanja cha juu mstari ule ulikikata pembeni tu. Kiwanja cha chini ulikimeza karibu chote.

Na viwanja vilikuwa bado havijagawanywa. Wangeweza kuacha. Wangeweza kutafuta pengine. Lakini kile cha juu, msomaji wangu, kilikuwa kizuri mno! Afriyie alikuwa ameshaona kichwani veranda yake, na vigae vyake, na wanawake wa Kejetia wakipanda mlima kuja kumsabahi.

Pokuaa wakati huo alikuwa na nguo za msiba mwilini. Mumewe hakuwa hata amemaliza arobaini. Akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, mimi nichukue kipi?"

Na Afriyie akajibu, "Chukua cha chini. Kina upepo wa maji, na watoto wako watapata pa kuchezea. Mimi mkubwa, niachie hiki chenye mawe."

Pokuaa akapiga magoti. Akamshika miguu. Akalia.

Tangu siku hiyo Afriyie hakuweza kumtazama mdogo wake akiwa amepiga magoti, hata kama alikuwa anapuliza moto wa tanuri.

"Niko tayari!" Pokuaa akaita kutoka mlangoni, chupa mkononi.

Twum akamtazama Afriyie mara moja, kisha akatangulia njia ya kasri ya Nana kwa miguu yake mwenyewe, pikipiki akiikokota.

*

Ukumbi wa Nana Ampem una viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kwa kusuasua. Nana mwenyewe ni mtu wa makamo, ana miwani, ana simu mbili, na huwa hapendi kesi za viwanja, kwa sababu ambazo zitaonekana punde.

Ile pombe ikamiminwa chini. Wahenga wakaitwa. Msemaji wa Nana, mwenye fimbo, akamwambia Pokuaa aseme shida yake.

"Mwambie Nana kwamba nimeuziwa mto," Pokuaa akasema. "Mwambie nimeoka mikate mpaka macho yakaingia moshi, nikajenga chumba baada ya chumba, na leo naambiwa nyumba yangu iko mahali pasipojengwa. Mwambie huyu hapa ndiye aliyeniuzia."

"Nana anauliza," msemaji akasema, "kabla ya kununua, nani alikwenda kuitazama ramani?"

"Dada yangu. Mimi nilikuwa na msiba wa mume wangu, hata barabara nilikuwa siwezi kuvuka. Alikwenda kwa niaba yetu sote."

"Akarudi akasemaje?"

"Akasema ramani ni safi."

Macho yote yakamgeukia Afriyie. Feni ikazunguka. Afriyie akasimama, akaufunga vizuri mtandio ambao haukuwa umelegea.

"Nana," akasema, "mimi ni mwuza vitenge. Ramani nilionyeshwa. Lakini mistari ile... sikuielewa."

Minong'ono ya huruma ikapita ukumbini. Mama mmoja nyuma akasema, "Nani anaielewa?" Wengine wakaguna kumuunga mkono.

Angekaa hapo. Angeketi, na mambo yangekwisha. Lakini Pokuaa, maskini, akaona dada yake amedhalilishwa, akasahau msemaji, akamkabili Nana moja kwa moja.

"Nana, nakuomba, dada yangu msimbane. Huyu ndiye aliyeniachia mimi kiwanja kizuri, akachukua yeye chenye mawe. Kama ana kosa, kosa lake ni wema."

Matusi Afriyie angeyavumilia. Sokoni anatukanwa kila siku. Sifa hizo hakuziweza. Alikaa kitini.

"Twum!" msemaji akaita. "Vua viatu. Sogea."

Twum akavua ndala, akafungua vifungo vya juu vya shati, mabega nje kama desturi inavyotaka. Akasogea mbele ya kigoda.

"Nana, nitasema nililo nalo. Nilijua kijito hufurika. Nililijua hilo nikanyamaza, na dhambi hiyo ni yangu, naichukua. Lakini mstari umepita wapi, mimi sikuuona. Na tena, Nana..." Akamtazama Nana usoni. "Kabla sijaapa peke yangu, kiwanja hicho kilitoka katika kasri hii. Kinywaji cha kigoda, ile pesa ya ardhi, ulikipokea wewe."

Loo! Ukumbi ukalipuka. Fimbo ikagonga sakafu. Nana Ampem akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akaifuta tena.

Na alipoivaa, uso ulikuwa mwingine.

"Kwa ulimi huo, Twum, huapi tena hapa. Huna haja ya kuapa. Mwenye kosa tumeshampata. Utaondoka Asuakoma leo, na jua lisikuchwee hapa. Vijana! Pikipiki yake ibaki kasri, iwe fidia ya huyu mjane."

"Naaam!" watu wakaitikia. "Hiyo ndiyo haki!"

Tazama mambo yalivyojipanga, msomaji wangu. Nana amepona aibu. Pokuaa amepata wa kumlaumu. Na Afriyie, bila kunyoosha hata kidole, amepata kile alichokuwa akikiomba nyuma ya tanuri: Twum anaondoka, na siri inaondoka naye.

Twum akainama, akaokota ndala zake. Alipopita mbele ya Afriyie, akasimama kidogo. Afriyie akafumba macho, akingoja jina lake litajwe.

Halikutajwa. Twum alivuta kola yake, akaelekea mlangoni.

"Mwacheni," Afriyie akasema.

Hakuna aliyesikia. Akasimama.

"Mwacheni huyo mtu! Nimesema uongo hapa, mbele ya kigoda. Ramani niliielewa. Niliielewa vizuri kuliko ninavyoijua njia ya kwenda kwangu. Mstari uliovuka kiwanja cha Pokuaa niliuona kwa macho yangu, na nikampa."

Pokuaa akacheka, kicheko kifupi cha wasiwasi.

"Dada, usijitwike mzigo wa watu. Unamwonea huruma Twum tu. Nana, msimsikilize, dada yangu ana moyo laini."

"Pokuaa, mimi sina moyo laini."

"Dada, kaa chini. Watu wanatutazama."

Kwenye meza ya Nana palikuwa na kipande cha chokaa nyeupe. Afriyie akakichukua bila kuomba ruhusa, akapiga magoti kwenye saruji, akaanza kuchora.

"Hiki ni kijito. Huu ni mpaka wa kiwanja changu, mstari mzima. Na huu mwingine ni wa vipande, mpaka wa kujenga. Kwangu unakata pembe hii tu, pale penye migomba." Akanyanyua uso. "Hujawahi kujiuliza kwa nini sikujenga pale? Ndipo mahali pekee palipo tambarare."

"Ulisema unapenda ndizi," Pokuaa akasema.

"Sipendi ndizi, Pokuaa."

Hapo Pokuaa akaacha kutabasamu.

Chokaa ikaendelea. "Na hiki ni chako. Mstari unaingilia hapa, unatokea hapa. Upande wa juu panabaki mahali pa jiko, si zaidi. Vyumba vyako vyote viko huku chini. Nilipofika ofisini nilijua. Nilipokwambia uchague cha chini nilijua. Ulipouliza habari za kibali nikakwambia anza tu, kila mtu huanza, kibali hukufuata njiani. Nilijua kwamba ukienda kukiomba wewe mwenyewe, watakuonyesha mstari huu."

Mkono ulikuwa umekwenda bila kusita hata mara moja. Mtu asiyeelewa ramani hachori hivyo. Hata yule mama wa nyuma alielewa, akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Nilikupigia magoti siku ile," Pokuaa akasema.

"Najua."

"Mvua ya mwaka jana, maji yalipofika kitandani kwa wanangu, ulikuja na ndoo. Tulichota mpaka asubuhi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unachota huku unajua."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Usiniite hivyo."

Afriyie bado alikuwa chini, chokaa kwenye magoti ya kitenge chake cha bei. "Chukua nyumba yangu. Kiwanja na kila kilichomo. Nasema mbele ya Nana. Nitatoka leo."

Pokuaa akaukanyaga mstari wa chokaa.

"Unanipa tena? Mara ya kwanza uliponipa nilikushika miguu. Mara hii unataka nifanye nini?"

Mara simu ya Pokuaa ikalia. Akaipokea bila kuondoa macho kwa dada yake. Sauti ya jirani ilikuwa kali kiasi kwamba ukumbi mzima uliisikia.

"Pokuaa, njoo mbio! Katapila limekuja! Wanasema mvua kubwa iko njiani, hawawezi kungoja Jumatatu. Watoto wako kwangu, lakini mama yenu amejifungia ndani. Amekataa kutoka!"

Pokuaa akakimbilia mlangoni. Nje alikuwapo Twum, na vijana wa kasri bado wameshikilia usukani wa pikipiki yake, hawajui tena hukumu ni ipi. Twum akawasukuma.

"Panda, Mama Mikate!"

Afriyie akatoka nyuma yao akikimbia. Pikipiki ikamwachia vumbi.

*

Afriyie alifika akihema, viatu mkononi. Uani palijaa watu. Katapila la manjano lilikuwa linanguruma kando ya tanuri, na msimamizi wa halmashauri, mtu mnene mwenye fulana ya kung'aa, alikuwa anabembeleza dirisha.

"Bibi, tafadhali toka. Mimi pia nina mama."

"Basi nenda kamtunze huyo wako!" Maame Dufie akajibu kutoka ndani. "Mimi sitoki. Mwiteni Afriyie."

Watu wakampisha. Pokuaa alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono kifuani. Akasogea pembeni ili bega lake lisimguse dada yake.

"Mama, ni mimi. Fungua."

Uso wa kizee ukatokea nyuma ya nondo za dirisha. Macho yalikuwa makavu.

"Umeshasema?"

Afriyie akashtuka. "Nini, mama?"

"Nakuuliza umeshamwambia mwenzio, au bado?"

Pokuaa akageuka taratibu.

"Siku ile uliporudi kutoka mjini nilikupikia fufu, chakula ukipendacho, na supu ya karanga," Maame Dufie akasema. "Ukalisukuma bakuli. Wewe, kuikataa fufu! Kisha nikakusikia unamwambia mwenzio achukue cha chini, kizuri. Nimekuzaa mimi, Afriyie. Tangu utoto hujawahi kumwachia mtu kipande kikubwa cha nyama. Nikajua kiwanja kile kina mdudu."

"Mama..."

"Sikujua ni mdudu gani. Wala sikuuliza. Nilitaka wanangu wajenge pamoja nife nikiwaona wote kwa jicho moja. Kwa hiyo nikala, nikanyamaza, na nimelala katika nyumba hii nikisikiliza maji. Kosa lako nusu yake ni yangu. Ndiyo maana sitoki. Waniangushie."

Afriyie akashika nondo. Hakulia. Machozi yangekuwa kama kuomba huruma, na hiyo alijua hastahili. Alichohisi ni kitu kizito zaidi: alikuwa amemwibia mdogo wake nyumba, na bila kujua akamwibia mama yake usingizi.

"Na wewe, mama?" Pokuaa akasema nyuma yake. Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu. "Na wewe pia?"

Maame Dufie akarudi nyuma kutoka dirishani.

Msimamizi akakohoa. "Mama mwenye nyumba, nisikilize mimi. Katapila likiingia linavunja kila kitu, bati, mbao, milango. Nikikuandikia kwamba ulibomoa kwa hiari, unachokitoa ni chako. Vijana wangu hawajala tangu alfajiri. Wacha wakale waakye, wali na maharage, pale barabarani. Wakirudi, wakute kuta tu. Ni hilo tu ninaloweza."

Injini ikazimwa. Kijito kikasikika.

Pokuaa akaenda kwa jirani fundi, akarudi na ngazi na nyundo. Akaiegemeza ngazi ukutani, juu ya ule msalaba, akapanda akiwa na kile kile kitambaa cha heshima alichoendea kasri.

Bati la kwanza likapiga kelele kama mnyama. Msumari ukaruka. Likaanguka uani, vumbi likatimka. Kisha la pili.

Ndani, mwanga wa jua ukamwangukia Maame Dufie kichwani. Kizee akatazama juu, akamwona mwanawe amesimama palipokuwa na bati. Baada ya muda komeo likavutwa, mlango ukafunguka, na Maame Dufie akatoka na kigoda chake, akaenda kuketi mbali na watu wote.

Twum akavua shati la kanisani, akaanza kukusanya bati. Majirani wakamfuata.

Afriyie peke yake alibaki amesimama. Mlimani, nyumba yake iling'aa vigae vyake vyote, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi inavyoitazama hii ya chini kwa dharau. Mawingu yalikuwa yamekwishafika nyuma yake.

Akaweka viatu chini. Akaishika ngazi.

"Ngazi hiyo inatosha mtu mmoja," sauti ikasema kutoka juu.

"Najua," Afriyie akasema. Akapanda kipago cha kwanza. Cha pili.

"Afriyie, nimekwambia shuka."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao Pokuaa kumwita kwa jina tupu, bila dada. Afriyie akahisi jina hilo likimgonga mahali palipokuwa wazi. Akapanda tena, mpaka uso wake ukafika usawa wa kenchi za paa, karibu na miguu ya mdogo wake iliyojaa vumbi la bati.

Pokuaa akainama. Mkono wake wa kulia ukashuka, na nyundo ikiwa mkononi, ikaja ikasimama mbele ya uso wa Afriyie, karibu kabisa.

Chini, Twum aliacha kazi. Maame Dufie akainuka kwenye kigoda chake.

Afriyie aliitazama ile nyundo. Hakuweza kujua kama anapewa aishike, au anapimwa apigwe.

Akaachia ngazi mkono mmoja, akaunyoosha.